Usahihi wa GPS Hauko Kwenye Dashibodi

Magari mengi yanayoteremshwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa yamekwisha kutumika Japani, na mengi kati yake huja na skrini katikati ya dashibodi. Ukiwasha gari, sauti ya mwanamke inakukumbusha kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara za huko haijachomekwa. Ramani inayofunguka ni ya Japani. Gari likiwa Mbagala au Embakasi, alama yake huelea katika eneo tupu lisilo na njia hata moja, au hung'ang'ania mtaa wa Japani ambako liliegeshwa mara ya mwisho. Redio nayo hushika stesheni chache tu, kwa kuwa masafa ya FM ya Japani huanzia megahezi 76 na katika vifaa vya zamani huishia 90, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Mnunuzi huzoea. Anabandika simu kwenye kioo cha mbele au kwenye tundu la kiyoyozi, anafungua Google Maps, na ile skrini ya Kijapani inabaki kuwa saa ya ukutani, tena saa ambayo pengine inasoma majira ya Tokyo, saa sita mbele yetu.

Kutokana na hali hiyo imejengeka imani kwamba GPS ya mkononi, iwe simu au kile kifaa kidogo cha kubandika kioo, ni sahihi kuliko GPS iliyojengwa ndani ya gari. Wenye magari mapya wanashikilia kinyume chake: kwamba kilichofungwa na kiwanda lazima kiwe bora kuliko kitu cha kubandika. Mabishano haya husikika kwenye yadi za magari na kwa mafundi, na kila upande una mifano yake. Tatizo ni kwamba pande zote mbili zinachanganya maswali mawili. La kwanza ni gari liko wapi duniani. La pili ni barabara iko wapi, inaelekea upande gani, na nyumba unayoitafuta imejengwa kando ya ipi. Kwa swali la kwanza kifaa cha gari hushinda, na sababu zake zinaeleweka. Lakini kwa dereva wa kawaida swali hilo limekwisha kupata jibu la kumtosha. La pili ndilo linalompotosha mtu hadi leo, na hakuna kiwanda cha magari kinachoweza kulijibu kwa niaba yetu.

Tuanze na setilaiti, maana hapo ndipo ubishi mwingi unapozimika. Mfumo wa GPS wa Marekani ulirusha setilaiti yake ya kwanza mwaka 1978 na ukatangazwa kukamilika mwaka 1995. Kwa miaka kadhaa serikali ya Marekani ilivuruga makusudi mawimbi yaliyotolewa kwa raia, hivyo mtu wa kawaida aliweza kukosea kwa mita 100 hivi. Mei 2000 Rais Bill Clinton aliamuru uvurugaji huo uondolewe, na usahihi ukaboreka usiku mmoja bila mtu kununua kifaa kipya. Leo simu ya kawaida chini ya anga wazi hukosea kwa takribani mita 5, na simu nyingi husoma pia setilaiti za Urusi, Ulaya na China. Kifaa cha kubandika, kama Garmin, na skrini ya kiwandani hupokea mawimbi yaleyale kutoka angani kulekule, zaidi ya kilomita 20,000 juu. Mita 5 ni upana wa barabara ya mtaani. Dereva anayetafuta zahanati hahitaji zaidi ya hapo.

Hata hivyo haki itendeke kwa watengenezaji wa magari, kwa sababu wana jambo ambalo kifaa cha kubandika hakina. Gari linajua magurudumu yake yamezunguka mara ngapi. Mfumo uliojengwa ndani husoma mipigo ya kihisi cha mwendo, husoma pia kifaa kinachopima gari linapogeuka, kisha hukokotoa lilipofika hata setilaiti zote zikipotea. Wazo hili ni kongwe kuliko GPS ya raia: Honda waliuza mwaka 1981 kifaa kilichoitwa Electro Gyrocator kilichofuatilia mwendo wa gari bila setilaiti yoyote, juu ya ramani zilizochapwa kwenye karatasi angavu. Miaka minne baadaye kampuni ya Etak ya California ilileta kifaa kilichosoma ramani kutoka kwenye kanda za kaseti na kulinganisha mizunguko ya gari na umbo la barabara. Ukitaka kuona thamani ya ujuzi huo leo, nenda kwenye handaki la Yamate mjini Tokyo, lenye urefu wa kilomita 18 na ushei, likiwa na matawi na njia za kutokea chini kwa chini. Simu humo ndani hubahatisha. Mfumo wa gari hujua umebakiza mita ngapi kabla ya kutoka.

Afrika Mashariki haina handaki la namna hiyo, lakini ina Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022. Kwa sehemu ya safari yake ya kilomita 27 barabara hiyo hupita juu ya nguzo, na chini yake magari mengine yanakwenda kwenye barabara ya zamani. Setilaiti hupima kimo vibaya kuliko zinavyopima mahali, hivyo simu inaweza kuamini uko juu ukilipia ushuru wakati umekwama kwenye foleni chini, ikakuelekeza kwenye njia ya kutokea usiyoweza kuifikia. Mfumo wa gari wenye uwezo wa kuhisi mteremko na mpando una nafasi nzuri zaidi ya kutambua ulipokwea. Kadhalika kati ya maghorofa ya Kariakoo au katikati ya jiji la Nairobi, mawimbi hugonga kuta kabla ya kufika kwenye simu, na alama yako huruka mtaa wa pili. Kuna hata vioo vya mbele vyenye utando wa metali wa kuzuia joto ambavyo hudhoofisha mawimbi kwa kifaa kilichobandikwa ndani, wakati gari lenyewe lina antena yake mahali palipochaguliwa na wahandisi. Haya yote ni kweli, na anayesema simu ni sahihi kuliko gari kwa kila hali hajui anachopima.

Sasa tuje kwenye ramani. Majiranukta, yaani namba zinazotaja mahali, si kitu kinachosimama peke yake; hutegemea umbo la dunia ambalo wapimaji wamekubaliana kulitumia. GPS hutumia umbo moja, na ramani nyingi za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania zilichorwa kwa jingine, liitwalo Arc 1960. Tofauti kati ya mifumo hii miwili katika eneo letu ni takribani mita 300. Chukua kipokezi bora kabisa duniani, kisicho na kosa la hata sentimita moja, weka alama yake juu ya ramani hiyo bila kuirekebisha, na gari litaonekana linatembea kwenye shamba la jirani. Japani wenyewe walikuwa na tatizo hilohilo, na kwa Tokyo tofauti ilizidi mita 400, hadi walipobadili sheria yao ya upimaji na kuanza kutumia mfumo wa kimataifa Aprili 2002. Mita 5 za setilaiti ni kitu kidogo mno mbele ya mita 300 za mchoraji.

Na Japani ndiko kwa kujifunzia, kwa sababu wengi hudhani usahihi wa vifaa vya gari vya Kijapani umetokana na umahiri wa elektroniki peke yake. Mitaa mingi ya Japani haina majina. Anwani huhesabiwa kwa vitalu, na katika maeneo ya zamani namba za nyumba hazifuatani kwa mpangilio wa barabara, kwa hiyo nyumba mbili zinazopakana zinaweza kuwa na namba zilizo mbali. Mgeni hupotea, na mwenyeji pia. Ndiyo maana vifaa vyao hukuruhusu kutafuta mahali kwa namba ya simu ya duka, au kwa namba maalumu ya eneo iliyobuniwa na kampuni ya Denso. Nyuma ya hayo yote kuna kampuni ya Zenrin, iliyoanza mwaka 1948, ambayo hadi leo hutuma watu kutembea nyumba kwa nyumba wakiandika kilichopo: jina kwenye lango, duka lililofungwa, kiwanja kilichojengwa. Ramani inayosifiwa kwenye skrini ya Toyota ilitengenezwa kwa miguu. Ukilihamisha gari hilo hadi Temeke, unakuja na vihisi vyake, antena yake na hesabu zake zote, ila wale watembea kwa miguu wamebaki Japani.

Ndipo kifaa cha kiwandani kinapoanza kushindwa, hata kikiwa na ramani ya Afrika. Ramani iliyo kwenye kadi au diski ndani ya gari ni picha ya siku ilipokusanywa, na siku hiyo mara nyingi ni mwaka au zaidi kabla gari halijauzwa. Barabara zetu haziisubiri. Makutano ya Ubungo yaligeuka kuwa barabara za ghorofa mwaka 2021. Daraja la Tanzanite lilianza kutumika mwaka 2022. Juni 2025 lilizinduliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, likiwa na urefu wa kilomita 3 hivi, na gari lenye kadi ya mwaka uliotangulia litaendelea kumpeleka dereva kwenye foleni ya kivuko. Kusasisha ramani hizo hulipiwa, na kwa gari la mtumba mara nyingi hakuna hata wa kumlipa, kwa kuwa muuzaji wa kadi yuko Nagoya na hajawahi kuwa na ramani ya Geita. Betri ikitolewa kwa matengenezo, baadhi ya redio za Toyota hujifunga na kudai namba ya siri. Kuna watu wamelipa fedha ya maana kufungua skrini ili warudishiwe ramani ya Osaka.

Vifaa hivi pia huzeeka kwa namna ambayo dereva hawezi kuitabiri. Mfumo wa GPS huhesabu wiki, na hesabu yake ya asili hurudi sifuri kila baada ya wiki 1,024, yaani karibu miaka 20. Kifaa kisichosasishwa kinaweza kuamka siku moja kikiamini tumo katika mwongo mwingine. Januari 2022 wamiliki wengi wa magari ya Honda na Acura yaliyokuwa na ramani ndani walikuta saa zimerudi mwaka 2002, kosa lililohusishwa na hesabu hiyo. Simu hupata marekebisho kama hayo usiku ukiwa umelala. Gari la mwaka 2008 halina anayelikumbuka.

Je, basi kifaa cha mkononi ndicho cha kuaminiwa? Inategemea ramani iliyomo. Madereva wa safari za mbugani wanaotumia Garmin wanajua hilo zamani. Wengi wao huweka ndani yake ramani za Tracks4Africa, zilizojengwa Afrika Kusini kutokana na nyayo za wasafiri waliorekodi njia walizopita kweli. Barabara ikiwa humo, kuna gari lililowahi kuipita. Google Maps nayo hujua foleni ya Mwenge kwa sababu simu za waliokwama Mwenge zinaripoti mwendo wao, lakini vijijini ambako simu ni chache, programu hiyohiyo inaweza kuchora njia ya ng'ombe kama barabara na kukuahidi kwamba utaokoa dakika 20. Masika inapoingia, hakuna setilaiti inayoona kwamba korongo limejaa. Wanaoisifu simu kupita kiasi wanasahau kwamba dereva wa teksi mtandao, mwenye simu mpya na bando la kutosha, bado hupiga kumuuliza abiria: upo karibu na nini? Kipokezi chake hakina kosa. Anachokosa ni jina la mtaa, namba ya nyumba na lango lililochorwa upande wake sahihi.

Kuna pingamizi ambazo hazifai kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba simu inahitaji mtandao wakati kifaa cha gari hakihitaji. Hii ni nusu ya ukweli. Kupokea setilaiti hakuli bando hata kidogo. Kinachokula bando ni kupakua ramani na taarifa za foleni, na ramani unaweza kuipakua nyumbani kabla ya safari ya Songea au Turkana. Ya pili ina uzito zaidi: simu ikiwa kwenye dashibodi hupata joto la jua hadi kujizima, huvuta macho ya dereva kwa ujumbe unaoingia, na kwenye foleni za jioni huwavutia wanaonyakua kupitia dirisha lililo wazi. Hapo skrini iliyojengwa ndani ni bora kabisa, na ndiyo sababu mafundi wa Dar na Nairobi wana kazi nyingi ya kung'oa redio za Kijapani na kufunga skrini za Android kutoka China. Lakini skrini hizo, ingawa zimo ndani ya gari, kwa kawaida ni simu kubwa: antena ndogo iliyogundishwa chini ya dashibodi, ramani ileile ya Google, na mara nyingi haziunganishwi na kihisi cha magurudumu. Ni kifaa cha kubandika kilichovaa sare ya kiwanda.

Ya tatu hutolewa na wanunuzi wa magari mapya, ambayo huletwa na ramani ya Afrika Mashariki na dhamana ya wakala. Kwao ninakubali kwamba mfumo uliojengwa ndani, ukiwa na ramani hai, ni bora kuliko kingine chochote. Kwenye magari mengi ya sasa tayari ndoa hiyo imefungwa, maana CarPlay na Android Auto huonyesha ramani ya simu kwenye skrini ya gari, na gari linaweza kuipa simu taarifa za antena na mwendo wake. Hata hivyo ndoa hiyo inathibitisha hoja ninayoitetea. Viwanda vyenyewe vimekubali kuachia ramani itoke nje. BMW, Audi na Daimler walikusanya euro bilioni 2.8 mwaka 2015 kuinunua kampuni ya ramani ya HERE kutoka Nokia, kwa kuwa walitambua kwamba gari zuri lenye ramani mbovu ni bidhaa mbovu.

Wapo pia wanaosema hatuhitaji haya, kwamba sisi huuliza, na bodaboda wa kijiweni anajua kila kona. Kwa mtu anayekwenda harusini hiyo inatosha. Kwa gari la wagonjwa saa nane usiku, kijiwe kikiwa kitupu, haitoshi. Haitoshi pia kwa mchuuzi anayetuma mzigo, wala kwa dereva mgeni anayeingia kijiji chenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa bila kuona kibao kilichofunikwa na majani, huku askari mwenye tochi ya kupimia mwendo akimsubiri mbele. Mwendo unaosomwa na GPS huwa karibu zaidi na ukweli kuliko mshale wa dashibodi, ambao viwanda huuweka makusudi usome juu kidogo. Lakini kikomo cha barabara hiyo ni taarifa ya ramani, na kama hakuna aliyeiingiza, kifaa hakitakuonya.

Kazi ya kuiingiza imekwisha kuonekana kuwa inawezekana. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walichora makazi yao, ambayo kwenye ramani za kawaida yalikuwa doa tupu, wakiyaweka kwenye OpenStreetMap ambayo kila mtu anaweza kuitumia bure. Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko, wakachora mifereji, vichochoro na majengo. Mwaka 2022, kabla ya sensa, Tanzania nzima iliingia kwenye operesheni ya anwani za makazi: vibao vya mitaa vikasimikwa, nyumba zikapewa namba na kuingizwa kwenye mfumo wa kidijiti wa taifa. Hiyo ni kazi ya miguu kama ya Zenrin, na imelipiwa na kodi zetu.

Kwa anayenunua gari leo, ushauri ni mwepesi: usiongeze hata shilingi kwa ajili ya skrini ya Kijapani yenye ramani, na usilipie kufunguliwa iliyojifunga. Weka fedha hiyo kwenye skrini inayokubali ramani ya simu, pakua ramani ya mkoa unaokwenda, na ukikuta barabara imekosewa, tuma marekebisho, maana programu hizi zina sehemu ya kufanya hivyo. Kwa wakala wa barabara wa Tanzania, TANROADS na TARURA, na kwa wenzao KeNHA, KURA na KeRRA upande wa Kenya, ombi ni kubwa zaidi. Barabara inapofunguliwa, inapofungwa kwa ujenzi, inapogeuzwa kuwa ya upande mmoja au inapowekewa kikomo kipya, taarifa hiyo itangazwe siku hiyohiyo kwa mfumo ambao kompyuta inaweza kuusoma, bure, bila barua ya maombi. Anwani zilizokusanywa mwaka 2022 nazo ziwekwe wazi kwa namna hiyohiyo, majina ya wakazi yakiondolewa, ili kila mtengeneza ramani azitumie.